Fundo la Serahangi Uweso

Kambi ya Mnara, Mkwaja
Jumatano, 15 Agosti 1956

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Saleha binti Hatibu, Ushongo.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. Natumai barua hii itakukuta umeketi na afya yako, goti lako limekupa nafasi, na mwewe hajawamaliza kuku. Mimi hapa mzima. Nakula, nalala, na meno yangu bado yanavunja mfupa, jambo ambalo vijana wengi wa kambi hii hawaliwezi. Msalimie shemeji Mwinyijuma. Msalimie na Asmahani, maana najua ndiye anayekusomea. Asmahani mwanangu, soma polepole, na usiruke neno hata likikuuma. Utaona herufi zangu zimelala huku na huku kama walevi. Usicheke, sababu yake imo humu humu. Herufi za Kizungu sikufundishwa na mwalimu, nilizisoma mwenyewe kwenye marobota ya mkonge bandarini Tanga. Karani wa kuniandikia yupo, lakini maneno haya si ya kupita mkononi mwa karani.

Barua yako ya tatu nimeipata juzi kwa dereva wa lori. Zile mbili za kwanza nilikujibu kwa mkato, kwamba kazi ina ajali zake na Mungu ndiye ajuaye. Hii ya tatu haina pa kukwepea. Umesema tangu Hatibu arudi nyumbani baba yake hali naye sahani moja, na kijana anashinda bandani kwenye nazi, hasemi na mtu. Umesema mzee Luka, baba yake Fanueli, anakuja Ushongo Jumamosi na wazee wenzake wa Mwera, kuuliza kwa nini kijana wetu alikata kamba na mwanawe yuko chini. Na Mwinyijuma ameapa kwamba likithibiti, Hatibu atatoka nyumbani kwake asirudi. Ukaniomba mimi mjomba wake, niliyekuwapo, nije kwenye kikao hicho niseme nilichokiona.

Nitasema. Ila wewe uyajue kabla ya Luka.

Kwanza nikueleze kazi, maana huko mnadhani tunachimba kisima. Kampuni inatafuta mafuta chini ya ardhi. Wamesimamisha mnara wa chuma, mrefu kuliko minazi mitatu iliyopandana, na ndani yake tunateremsha mabomba, moja baada ya jingine, kila bomba zito kuliko ng'ombe. Tope linaruka, sakafu inateleza, injini inanguruma hata ukiitwa na mama yako husikii. Vidole hapa vinapotea kama sindano. Wako waliofika Jumatatu na Jumanne wakakimbia. Mimi sikukimbia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa serahangi wa matishari pale Tanga, nasimamia mabaharia wa mashua zile bapa za kutoa mizigo melini, na fundo langu linajulikana bandari nzima. Nikilifunga mimi, halifunguki mpaka niitwe mimi. Wanaume wazima wamelivunjia kucha. Bwana Miwani, yule Mzungu wa mnara, aliposikia habari zangu akanipa pipa, na pipa hapewi mtu ovyo.

Pipa lenyewe ni la chuma, linazungushwa na injini mchana kutwa. Kamba inazungushwa juu yake mara tatu. Ncha moja inapanda hadi kwenye kapi kileleni, kisha inashuka kushika bomba. Ncha ya pili, yaani mkia, anaishika mtu wa pipa. Ukivuta mkia, kamba inauma, bomba linapanda. Ukilegeza, kamba inateleza na bomba linasimama, ingawa pipa linaendelea kuzunguka. Kwa hiyo sheria ni moja: mkia haufungwi. Unakaa mkononi, kwa sababu mkono unahisi kamba inapoanza kupandana na kujinasa, ukaachia mapema. Bwana Miwani alitwambia hivyo siku ya kwanza, akarudia mara tatu, nami nikacheka moyoni. Kwenye tishari ni kinyume chake. Kule serahangi akiacha mkia wa kamba yenye mzigo bila kuufunga, anatukanwa mpaka na mpishi. Unafunga kwanza, ndipo unapumua.

Methusela, Mbondei anayefanya kazi juu kileleni, mtu wa mzaha sana, alinipigia kelele kutoka huko kwamba roho yake imo mkononi mwangu, basi nisije nikamfunga kama mbuzi wa Idi. Nikamjibu kwamba mbuzi wa Idi ana nyama, yeye ana makelele tu. Mnara mzima ukacheka.

Hatibu nilimleta mwenyewe, nawe ulilia siku ile nikakwambia yuko na mjomba wake, hapatwi na kitu. Alikuwa mfanyakazi mzuri, msikivu, ana nguvu za babu yake aliyemwachia jina. Alinibembeleza nimfundishe fundo langu. Nikamwambia fundo la mtu ni kama jina lake, haligawiwi. Aliomba mara ngapi, sijui. Kila mara nilimcheka.

Sasa Alhamisi yenyewe ya ajali, wiki mbili kabla ya Idi Kubwa. Watu waliyoyaona ni haya. Bomba lilikuwa linaning'inia, Fanueli na wenzake wawili wako chini yake wanasafisha mdomo wa shimo. Ghafla bomba likaanza kupanda peke yake, halisimami, linakwenda moja kwa moja kileleni alipo Methusela. Likigonga kapi, kapi litang'oka na kuja chini, na Methusela pamoja nalo. Bwana Miwani yuko upande wa pili wa injini, hasikii. Methusela analia huko juu kwa Kibondei. Hatibu akarukia kamba, akahangaika nayo, kisha akachukua shoka akaikata upande wa mkia. Pipa likaiachia, bomba likaja chini. Wawili waliruka. Fanueli aliteleza kwenye tope. Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya bomba, na hospitali wameukata chini ya goti.

Injini ikasimama. Bwana Miwani akauliza nani amekata. Hatibu alikuwa bado ana shoka mkononi, na macho yote yakawa kwake, si kwangu mwenye pipa. Akasema ni yeye. Akaulizwa kwa nini hakulegeza mkia, kazi ya mara moja tu. Hatibu akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Naye akanyamaza, akabaki kimya mpaka walipompandisha lori.

Saleha, ndugu yangu, mkia haukuweza kulegezwa kwa sababu ulikuwa umefungwa. Niliufunga mimi, kwenye mguu wa mnara.

Tangu mfungo wa Ramadhani vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vimekufa. Naviona, lakini havinisikii. Niliwaficha wote, nikazidisha maneno ili watu wasitazame mkono. Alhamisi ile mkono mzima uliingia ganzi na bomba linaning'inia. Kumwita mtu anipokee sikutaka, aseme nini, kwamba Uweso amezeeka? Nikafanya kama kwenye tishari. Nikafunga mkia, nikageuka nikautia mkono kwapani kuusugua, ili nisionekane. Nyuma yangu kamba ikapandana kwenye pipa. Mkono ungehisi. Fundo halihisi.

Hatibu alilikuta lile fundo. Alilihangaikia kwa kucha zote kumi. Aliniita: Mjomba, lifungue! Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na sauti niliisikia. Lakini nilijua vidole vyangu haviwezi, na nikaona haya watu wote wakiona Serahangi Uweso ameshindwa na fundo lake mwenyewe. Nikasimama. Ndipo akachukua shoka. Asingekata, leo Methusela tungekuwa tumemzika, na waliokuwa chini pamoja naye.

Na liko jingine, baya zaidi. Wenzangu walipokuwa wakimnyanyua Fanueli, mimi nilikuwa kwenye mguu wa mnara na kisu. Nililikata fundo nikalitia kiunoni. Fanueli bado analia, sijamtazama hata uso. Limekaa chini ya godoro langu siku arobaini na moja.

Hatibu hakunitaja kwa sababu mjomba haumbuliwi mbele za watu. Ndivyo mlivyomlea. Amekubali kutengwa na baba yake kwa ajili ya heshima yangu, nami nimekula, nimelala, na kukuandikia kwamba Mungu ndiye ajuaye.

Leo asubuhi, kabla sijashika kalamu, nilikwenda kwa Bwana Miwani nikamwambia yote, ili nisibakiwe na njia ya kurudi nyuma. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema nisiguse tena kitu chochote cha mnara. Kisha nikamwambia Methusela. Nilidhani atanipiga. Alitema mate chini, akaondoka, halafu akarudi akasema Jumamosi tutafuatana Ushongo, ili mzee Luka asije akadhani nimetunga ili kumwokoa mpwa wangu. Akaongeza kwamba njiani nisimsemeshe.

Barua hii inatangulia kesho kwa dereva wa lori. Ikifika, mwite Hatibu atoke bandani, akae karibu, Asmahani airudie tangu mwanzo, Mwinyijuma akiwapo. Usiku huo baba na mwana wale sahani moja. Na wazee wa Mwera wakifika, msimtandikie Hatibu mkeka wa kuulizwa. Mkeka ule ni wangu.

Fundo nakuja nalo, nitaliweka mbele ya Luka. Serahangi yeyote wa Tanga akiliona atakwambia ni la nani. Nilitaka nilifungue mbele yao kwa mkono wangu, wajue sisemi uongo. Nimejaribu leo tangu chai mpaka adhuhuri. Limenishinda, Saleha. Basi nitaketi karibu na Hatibu, nimwelekeze kwa mdomo, kamba ya kwanza na ya pili, naye alifungue kwa vidole vyake. Ni dogo sana, kumbe. Ningemfundisha kwa dakika tano.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia, watanijua Jumamosi. Goti lako ulisugue mafuta ya nazi ya moto. Kuku msinichinjie.

Ni mimi kaka yako, aliyeandika kwa mkono wa kushoto,

Uweso bin Hatibu