Chokoleti Uliyopikia Nakuru

Mpenzi Nekesa,

Sisi huku Lurambi tu wazima. Kifua cha babu yako kimepoa, na ng'ombe amezaa, kwa hivyo maziwa yapo.

Umeniuliza kwa nini ile chokoleti ya kupika sufuriani, uliyopika na nyanya yako wa Nakuru, mama ya mama yako, ilikataa kuganda. Mliepua mapema. Maziwa, sukari na kakao vikichemka, dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likijikusanya kuwa kitonge laini, epua, tia siagi, acha ipoe kidogo, kisha koroga mpaka mng'aro uishe.

Hayo niliyajua nikiwa msichana kule Matungu, nikichungulia mlangoni. Dada yangu Roselida alikuwa akiipika na rafiki yake, nami naambiwa nisiwasumbue. Vipande walinikatia, tena vikubwa kuliko vyao. Lakini sufuria waliikomba wao wawili, kwa kijiko kimoja, wakicheka. Vile vipande vyangu havikuwa na utamu wowote.

Ndiyo maana ulipokuwa mdogo, vipande niliwagawia wageni, sufuria tukakomba mimi na wewe.

Msalimie huyo nyanya yako. Nasikia jiko lake ni la gesi. Mungu ambariki. Ila nijibu jambo moja, na usinifiche: mlikomba kwa vijiko viwili, au kimoja?

Ni mimi Kukhu wako, nyanya wa kwanza kukubeba.