Swichi Chini ya Kiti cha Abiria

Jumatatu, 14 Julai

Betri tatu asubuhi, zote nzima. Nilikuwa naipima ya nne, pikapu kuukuu ya Bwana Mgaya ilipofika hapa gerejini, Nzuguni, ikivutwa kwa kamba. Bwana Mgaya hununua mahindi Kibaigwa na ana malori mengi. Bwana Karim, mwenye gereji, amenieleza bayana: nikimridhisha mteja huyu, malori yote yatahudumiwa hapa, nami nitakabidhiwa kitengo cha umeme. Nina shahada. Nina mita yangu mwenyewe ya kupimia umeme. Nitamridhisha.

Tatizo: betri inakufa njiani. Hii ni ya pili tangu mavuno.

Dereva wake, Elia, alishuka akiwa amevimba shavu. Nilidhani jino linamsumbua. Ni ngumi. Bwana Mgaya anaamini kwamba Elia huuza betri mpya na kufunga mbovu. Alitamka mbele yetu sote, bila haya: "Huyu nimemlea kama mdogo wangu. Ndiyo maana namchapa." Watu walicheka. Elia naye alicheka. Sikupenda.

Jumanne, 15 Julai

Betri imejazwa chaji. Nikageuza ufunguo, taa zote za dashibodi zikawaka ipasavyo. Nikawasha injini. Volti kumi na nne na ushee. Alteneta, ile inayoizalishia betri umeme, inachaji vizuri kabisa. Mkanda umekaza, vichwa vya betri visafi. Nilipima mara ya pili, na ya tatu. Hakuna kosa.

Ikanilazimu kusema hivyo. Kwa kusema hivyo nilimkabidhi Bwana Mgaya ushahidi dhidi ya Elia. Alimshika kisogo, akambamiza paji la uso kwenye mlango wa pikapu. Mlio wa mfupa juu ya bati. Bwana Karim alitazama pembeni. Mimi nilikunja nyaya za mita yangu kwa uangalifu mkubwa. Najichukia.

Alhamisi, 17 Julai

Imekufa tena. Njia ya vumbi nje ya Kibaigwa, magunia yakiwa juu.

Elia ameletwa amefungwa mikono. Meno mawili ya mbele hayapo. Damu imekauka kifuani, shati limekuwa gumu kama turubai. Bwana Mgaya anasema kesho atamtupia vijana wa sokoni, wamtendee kama wanavyowatendea wezi. Hakuna aliyeuliza ni vipi. Sote tumewahi kuona lami iliyoungua, na tairi lililobaki waya tupu.

Niliomba siku moja. Nilitumia Kiswahili changu cha ukumbi wa mihadhara. Alinipa hadi kesho mchana, na akaondoka na Elia.

Nilifunga betri iliyojaa chaji, nikageuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya betri haikuwaka. Juzi iliwaka. Nikaitikisa pikapu kwa bega, kwa nguvu zote. Taa ikawaka. Nikaitikisa tena. Ikazimika.

Kuna mahali umeme unaachia. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata.

Niliufuata waya mwembamba unaoiamsha alteneta, uleule unaolisha taa nyekundu. Umekatwa chini ya dashibodi, ukaungwa, ukapitishwa chini ya zulia hadi chini ya kiti cha abiria, anapokaa Bwana Mgaya mwenyewe. Pale kuna swichi ya siri, ya kuzuia wizi, ili betri imfie mwizi kabla hajafika mbali; imeviringishwa tepu. Ndani imeungua kwa uzee. Gari likiruka shimo, swichi inaachia, alteneta inalala, betri inabeba mzigo peke yake mpaka inakufa. Hapa gerejini hakuna mashimo.

Nilimwita Bwana Mgaya. Nilisisitiza aje na Elia, mikono ikiwa imefunguliwa. Nilitaka wote waone, na Bwana Karim aone jinsi ninavyofanya kazi. Nikaeleza hatua kwa hatua, kama niko mbele ya wahadhiri.

Elia aliinama, akaitazama swichi.

"Bosi, hii ulikuwa unaijua?"

"Gari ni langu," alijibu Bwana Mgaya. "Niliweka kwa ajili ya wezi. Wewe ndiye unayekaa na ufunguo."

Elia aliokota spana ya tairi. Pigo la kwanza lilivunja mkono ambao Bwana Mgaya aliuinua kujikinga. Nilisikia ukivunjika. La pili lilitua kwenye taya. La tatu lilimkuta tayari yuko chini. Tulihitajika watu wanne kumwondoa Elia juu yake. Damu ilirukia mita yangu. Bwana Mgaya alikuwa akimwita mama yake.

Polisi walipofika, Elia alinyoosha mikono mwenyewe.

Malori hayatakuja. Niliwaza hivyo damu ikiwa bado mbichi sakafuni.

Jumapili, 20 Julai

Nilimpelekea Elia wali na maharage kituoni. Ndugu zake wako mbali. Anatafuna kwa upande mmoja.

Nilimweleza kwamba Bwana Mgaya yuko hospitali na atapona. Alikula kidogo, kisha akauliza:

"Dada Injinia, ile swichi iliwekwa lini? Betri zilipoanza kufa?"

Ningeweza kudanganya. Tepu ilikuwa imekauka, ikavunjikavunjika vidoleni. Vumbi lilikuwa limegandamana hadi ndani.

"Ni ya zamani, kaka," nikasema. "Ya miaka mingi."

"Mimi nina miaka tisa naye."

"Basi ni ya wakati huo, ulipokabidhiwa ufunguo."

Aliliangalia bakuli. Akarudi kula, polepole, mpaka akamaliza wali wote. Akanishukuru. Nikabeba bakuli, nikatoka.