Kanga ya Kumpokelea Mtoto

Jumatatu, 10 Mei 1976
Tumepuliza dawa ya pamba tena, shamba la kijiji. Mwenyekiti kasema wajawazito wasilime, wapewe kazi nyepesi: kuchota maji na kukoroga dawa kwenye pipa. Nyepesi, eti! Jembe halijawahi kunitapisha. Athumani, mume wangu, anabeba bomba mgongoni, mimi namjazia. Dawa ikinirukia najifutia kanga niliyojifunga kiunoni. Kichwa kinauma. Wanasema ni mimba. Mimba gani hiyo inayouma siku za kupuliza tu?

Jumanne, 18 Mei
Nimemwambia mwenyekiti sikorogi tena. Kasema nadeka. Nina hasira mpaka sasa. Na nimekoroga.

Alhamisi, 27 Mei
Mama ameshuka kutoka mlimani kunisubiria uzazi. Kaja na ndizi na maneno. Shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri, tayari anapekua sanduku la nguo. Kwetu mtoto hapokelewi kwa nguo mpya. Nguo mpya huita kijicho. Anapokelewa kwa kanga iliyochakaa mwilini mwa mama yake, aijue harufu ya kwao. Mama kazipapasa zote, kachagua iliyo laini kuliko zote: ile ya shambani. Nikamwambia ina dawa. Kasema si imefuliwa? Kweli nimeifua, tena na tena, kwa majivu, maana sabuni dukani hakuna. Nikaacha. Mama kazalisha nusu ya ukoo wetu. Mimi nani?

Jumanne, 8 Juni
Mvulana! Kaja kabla ya siku zake, kadogo, lakini kalia kwa nguvu. Mama kamviringisha kwenye ile kanga, kapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nimechoka. Nina furaha ya kijinga.

Alhamisi, 10 Juni
Hanyonyi. Mate yanamtoka, jasho linamtoka, mwili umelegea. Mama anasema ni baridi, anazidi kumfunika. Naogopa. Athumani kaenda barabarani kusimamisha lori lolote litakalotufikisha mjini.

Jumamosi, 12 Juni
Hospitali, Morogoro. Juzi muuguzi alipompokea hakumtazama mtoto kwanza. Alinusa kanga. Akauliza tunalima nini. Pamba, nikasema. Akamvua palepale, akamwogesha kwa sabuni toka utosini hadi vidoleni, daktari akamchoma sindano. Wakatueleza: kumbe dawa hupenya ngozi, na ngozi ya mtoto mchanga ni kama utando wa maziwa. Mama alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno.
Bado hanyonyi. Mungu wangu, usinichukulie huyu.

Jumatatu, 14 Juni
Amenyonya! Kidogo kwanza, halafu kwelikweli. Nimelia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili kanipa leso.
Nikamwuliza daktari: na ile dawa iliyomfikia tumboni, nilipokuwa nakoroga? Kasema hajui. Huenda ndiyo iliyomharakisha, huenda siyo. Tumwangalie anavyokua. Nilitaka jibu, nimepata ukweli. Afadhali huyu asiyejua kuliko mwenyekiti anayejua kila kitu.

Jumapili, 20 Juni
Tumerudi. Mwenyekiti kaja kutupa pole. Nimemwambia waziwazi: mjamzito asiguse lile pipa. Safari hii hakusema nadeka. Kasema atalipeleka kwenye kamati. Kamati! Wanawake tumeshakubaliana kisimani: mjamzito akiitwa kukoroga, sote tunaweka ndoo chini.

Jumapili, 27 Juni
Mama hajamgusa mtoto tangu hospitali. Anapika, anachota maji, anafua nepi mpaka zinataka kuchanika. Mtoto akilia, ananiita mimi, hata kama mimi niko mbali, yeye yuko karibu. Simlaumu. Nilimwambia hivyo, akaitikia tu ee, kama anayeitikia mpita njia.
Leo kafunga mzigo wake. Eti mlimani ngedere wanamaliza mahindi. Sikubishana. Nimemwekea mtoto mapajani bila kumwuliza, nikaenda jikoni. Mikono kaiacha pembeni, hewani, kama mtu aliyeshika moto.
Nilipochungulia baadaye, alikuwa amempakata. Anamtajia majina ya wajomba zake, mmoja mmoja, polepole, na machozi yanamshuka. Sikuingia. Ugali umeungua kidogo, tumeula hivyo hivyo.