Shukrani kwa Noti ya Kichwa Kidogo

Jumamosi, katikati ya Juni. Gurei, Juba.

Mvua imeanza kabla ya chai na bado haijachoka. Njia ya kwetu imekuwa tope tupu, boda boda hazipiti, na mimi nimekwama ndani ya nyumba na watu ninaowapenda, katika siku ambayo simpendi mtu yeyote.

Naandika Kiswahili kwa sababu Baba Mkubwa Silvano hakisomi. Anakizungumza, kile cha dukani, cha kuuzia mabati na saruji, lakini kukisoma hawezi, na kukiri kwamba hawezi pia hawezi. Kwa hiyo hapa niko salama kuliko kanisani.

Nimetuma maombi ya chuo jana. Ningepaswa kuwa na furaha. Sina. Nina dharau, imenijaa mpaka kooni, na sijui niiteme wapi.

Nianze na chuo chenyewe. Kuna kitu kinaitwa ada ya maombi. Unalipa ili mtu akae mezani asome jina lako, na akilikataa, pesa hairudi. Wameandika hivyo bila aibu. Hata mwanamke anayeuza mikate ya kisira pale soko la Jebel akikunyima, anakunyima bure. Hawa wanakutoza ndipo wakunyime.

Nilitaka kuomba vyuo viwili. Kimoja Kampala, cha uuguzi, ambacho ndicho ninachokitaka tangu nikiwa mdogo. Kingine hapa Juba, cha kujikinga, endapo Kampala watanikataa. Kampala wananitoza ada ya mgeni, ambayo ni kubwa zaidi. Nilizaliwa Uganda, kambini, wazazi wangu wakiwa ukimbizini. Nikalelewa na shangazi Kitale, ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki. Kampala mimi ni mgeni, na hapa Gurei vijana wananiita Mkenya. Kila mahali nalipa bei ya mtu wa kuja.

Baba anafanya kazi wizarani. Mshahara huja ukijisikia, na kwa miezi mingi sasa haujajisikia. Bado kila asubuhi anapiga pasi shati na kwenda kukaa kwenye meza yake. Simdharau. Namwonea huruma, na hilo ni baya zaidi, maana huruma ya mtoto kwa baba yake haimpendezi yeyote kati yao.

Pesa ilikuwa ya Mama. Ana meza ya nyanya na samaki mkavu sokoni hapa kwetu, na tangu mwaka uanze alikuwa anaweka kidogo kidogo ndani ya kopo la maziwa. Mwezi uliopita ilitosha. Vyuo vyote viwili, picha, mihuri ya vyeti, kila kitu. Nilidhani mambo yameisha.

Ndipo Mama akasema ukoo lazima uitwe.

Kwetu binti hatumwi chuoni kimyakimya. Kaka na wadogo wa baba wanakalishwa, wanaelezwa, wanabariki na wanachanga. Usipowaita, siku ya karo yenyewe watasema ulimficha mtoto. Siku ya mahari watasema hivyo hivyo, ila kwa sauti kubwa zaidi. Na watu hawaitwi waje kuangalia ukuta. Wanakula. Kwa hiyo pesa ya kopo ikanunua mbuzi, mchele na soda, na ikakodisha viti na turubai.

Tulikula ada ya chuo ili tukusanye ada ya chuo. Nilifaulu hesabu vizuri sana sekondari, lakini hii haikufundishwa darasa letu.

Wakaja Jumamosi iliyopita. Walikuja wote, hata wale ambao nilipolazwa na malaria hawakujua njia ya kwetu. Mmoja aliomba dua ndefu mpaka wali ukapoa. Mwingine alinishauri niolewe kwanza, kisha mume ndiye anisomeshe, akayasema hayo huku anavunja mfupa wa mbuzi aliyechinjwa ili nisome. Wadogo wa Baba walichanga pauni zetu, bunda nene kama tofali, la thamani ya sukari na sabuni. Mwingine aliahidi. Ahadi ni deni, wanasema, lakini baba mdogo wa ahadi haogopi deni.

Baba Mkubwa Silvano alifika mwisho. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule Jebel, ana gari, na ana kipaji cha kufika wakati chakula kimeshapakuliwa ila hakijaisha. Alikula. Akanawa. Kisha akasimama.

Alisema kutoa ni moyo. Alisema yeye na Baba walivuka mpaka kwa miguu wakiwa watoto na kwamba damu haiwi maji. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa noti moja ya dola mia, akaikunjua polepole juu ya vichwa vyetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alipiga virefu kuliko wote. Baba Mkubwa akaiweka noti kwenye kiganja cha Mama na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe, kama mtu anayefunga zawadi.

Nililia. Mbele ya watu wote wale, nililia kwa furaha.

Jumatatu asubuhi niliipeleka mtaa wa Hai Jalaba kwa Kato, Mganda mwenye duka la simu ambaye pia hubadilisha pesa. Hakuigusa. Aliiangalia ikiwa bado mkononi mwangu, akacheka kidogo kwa huruma.

"Hii ni kichwa ndogo, dada. Hapa Juba hakuna mtu iko nachukua hii."

Kwa asiyejua: hapa kwetu dola ina umri. Zile noti za zamani, zenye kile kichwa kidogo cha khawaja, yaani mzungu, katikati, hakuna anayezitaka. Benki hawazitaki, wenye maduka hawazitaki, hata mama wa mboga ataigeuza mara moja na kukurudishia. Ni pesa halali huko ilikochapwa, lakini Juba ni karatasi. Kila mtu mwenye biashara mjini analijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Mimi sikuiangalia hata kidogo. Machozi yalikuwa yamenijaa.

Nilijaribu maduka mengine matatu na mtaa mzima ukanijibu vilevile. Jumanne nikapanda boda boda kwenda Jebel.

Nilijiambia amekosea. Mzee ana pesa nyingi, zimechanganyikana, amechomoa isiyo yenyewe. Nilipanga hata maneno ya heshima ya kumwambia bila kumwaibisha. Nikamkuta amekaa nyuma ya meza yake, na juu ya kichwa chake, ukutani, pamebandikwa kadibodi iliyoandikwa kwa kalamu nene, Kiingereza na Kiarabu: hatupokei dola za kichwa kidogo.

Nilisimama nikaisoma mara mbili. Yeye aliniona nikiisoma.

Nikaeleza shida yangu, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Hakuona haya hata chembe. Aliniuliza habari za Baba. Akaniambia vijana wa siku hizi hawana subira, kwamba wenye maduka wa Hai Jalaba ni wezi, kwamba nitafute vizuri nitampata wa kuichukua. Nikamwuliza kama yeye angeichukua, kwa sababu saruji anauza kwa dola. Akanyanyuka kumhudumia mteja.

"Dola ni dola, binti yangu," alisema akiwa amenipa mgongo. "Iliyotolewa imetolewa. Mungu ameona."

Naamini Mungu ameona. Hata ile kadibodi ameiona.

Najua jinsi noti ile ilivyofika mfukoni mwake. Kuna siku mteja alimbambikia, au alimbambikia kijana wake wa dukani, ikalala kwenye droo mwaka baada ya mwaka. Hakutaka kuitupa, maana ni mia. Hakuweza kuitumia, maana ni karatasi. Kisha mdogo wake, asiye na mshahara, akamwita kwenye kikao cha binti. Nafikiri alifurahi. Nafikiri aliiweka kwenye mfuko wa koti kabla hata ya kuvaa viatu.

Mtu asipotoa kitu, namwelewa. Gurus mafi, pesa hakuna, sote tunaujua wimbo huo. Lakini kutoa takataka yako mbele za watu na kuvuna vigelegele, hilo linahitaji moyo wa aina yake. Kutoa ni moyo kweli.

Jumatano nilirudi kwa Kato. Alikubali kuichukua kwa nusu. Ana ndugu anayesafiri Kampala, huko kuna mahali wanazipokea. Sikubishana. Nusu ile, pamoja na tofali la pauni, ilitosha chuo kimoja tu.

Nilichagua Kampala. Ijumaa, siku ya mwisho, nikatuma. Dirisha la Juba linafungwa Jumatatu, na sina cha kulipia. Kampala wakinikataa, nitakaa mwaka mzima nyuma ya meza ya samaki mkavu, na mbuzi yule ndiye atakayekuwa amesoma badala yangu.

Wiki nzima sikumwambia Mama. Nilimwambia kazi ya kubadilisha inakwenda polepole. Niliogopa kumvunja moyo, yeye aliyepiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Leo asubuhi, akichambua dengu, aliniambia kesho baada ya ibada nisimame kanisani nimshukuru Baba Mkubwa. Ndivyo inavyofanywa. Aliyesaidiwa anasimama, anataja jina na kitu alichopewa, watu wanapiga makofi. Baba Mkubwa atakuwa amekaa mbele, na suti amekwisha kuitoa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, Kato, kadibodi, nusu.

Mama hakuacha kuchambua.

"Mimi niliona," akasema. "Hata kabla hajafunga mkono wangu, niliona hiyo kichwa."

"Na bado ulipiga vigelegele?"

"Nilipiga. Mdogo wako Taban anamaliza sekondari mwakani. Nyuma yake wako wengine wawili. Siku hiyo nitamwita nani, huyo Kato wako?"

Akatupa kijiwe nje, kwenye mvua, akaendelea.

Funika kombe mwanaharamu apite. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote na leo ndipo nimemwona mwenye kulishika kombe. Anauza samaki mkavu, amemlisha shemeji yake mbuzi wake mwenyewe, amepokea karatasi kiganjani mbele ya ukoo mzima na kuishangilia, bila kukunja uso. Nilitaka kumdharau yeye pia. Ingenirahisishia siku. Nimejaribu na nimeshindwa, na sasa nina hasira zaidi, kwa sababu najua alichoniomba hakina jibu lingine.

Nimewaza kusimama na kusema hamsini. Namshukuru Baba Mkubwa kwa dola hamsini, halafu nikae. Kanisa zima litageuka kumtazama. Ni sentensi nzuri sana na nimeifurahia karibu saa nzima, nikiwa nimelala hapa nasikiliza mabati. Kisha nikamwona Taban anapita uani na kitabu cha kemia ndani ya shati ili kisilowe.

Nikisema mia, nimejifunga mwenyewe. Kampala wakinikataa, ukoo utasema Viola alipewa dola mia nzima na hakufua dafu. Siku ya mahari yangu Baba Mkubwa atasimama tena, ataitaja mia yake, na atataka ng'ombe zake. Hakuna atakayeuliza ilikuwa noti gani. Na shahidi wake mkuu nitakuwa mimi, kwa kinywa changu, madhabahuni.

Je, hivi ndivyo mtu anavyoanza kufanana nao?

Nimejaribu mbele ya kioo, nikanong'ona. Dola mia moja. Nilidhani itanikwama. Imetoka laini kabisa, hata nimetabasamu mahali panapofaa, na hilo ndilo lililonichukiza kuliko kadibodi.

Gauni nimeshalipiga pasi. Mvua ikikatika tutaenda kwa miguu, isipokatika tutaenda na tope letu. Kesho nitasema mia. Nitaisema kwa sauti, ili na wale wa viti vya nyuma wasikie.