Vidonge Ulivyobakiza Katika Sanduku la Herufi

Baba yangu mpendwa,

Nimeolewa! Ni mwezi sasa, na bado nikisikia hatua za Baraka mlangoni moyo unaruka kana kwamba hajawahi kufika hapa. Ni wewe uliyefanya naye kazi kwenye imprimeri, kule mnakochapa vitabu na kadi, ukamwita mkwe kabla hajathubutu kunitazama. "Weye Baraka, macho kwa mashine!" Mafundi wote walicheka, nami nikajificha nyuma ya kikapu cha chakula chako.

Kadi zetu za arusi ulizichapa mwenyewe, macho yako yakiwa tayari ya manjano. Uliosha mashine kwa ile dawa kali ya kuondoa wino, mikono mitupu, madirisha yamefungwa ili vumbi la Bunia lisiguse karatasi. Niliipenda harufu ile, Baba. Tangu utoto ndiyo ilinijulisha kwamba umerudi nyumbani.

Ulituacha kabla arusi haijafika. Daktari alinieleza kwa upole: saratani ilianzia kwenye mirija ya nyongo. Vijidudu vya tifoide, ile homa ya matumbo, vinaweza kujificha humo miaka mingi, hasa dawa isipomalizwa, vikiichubua. Na mvuke wa dawa kama ile ya mashine unashukiwa pia. "Siwezi kuapa ni kipi," alisema. "Pengine vilisaidiana."

Nikakumbuka tifoide uliyotoka nayo Kasenyi, kule ziwani. Homa iliposhuka, ulifunga vidonge vilivyobaki ndani ya karatasi. "Hivi ni vya homa ingine," ulisema. Mama akakujibu: "Muzee, homa iko chakula, ya kuwekea akiba?" Tulicheka sana siku ile. Nimevikuta ndani ya sanduku lako la herufi za kuchapia, vimekuwa unga.

Siku chache baada ya arusi, tifoide ikamshika Baraka. Siku ya tano aliketi, akaomba chai, akaanza kufunga vidonge vyake kwenye karatasi, sawasawa kama wewe. Nilimwekea karatasi yako mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ya Baba."

Alifungua yake, akameza kidonge.

Leo amemaliza cha mwisho, akanionyesha ulimi mtupu, nami nikambusu. Kesho anarudi kazini. Ameniapia kwamba madirisha yatakuwa wazi, vumbi liingie likitaka. Shati lake la kazi lilikuwa bado ukutani, na harufu yako ndani yake. Nimelinusa kwa muda mrefu, nimelia, kisha nimelifua.

Pumzika, Baba.

Binti yako, mke wa Baraka