Viini Vinne na Majiko Yako ya Silanga

Mama yangu mpenzi,

Nimeshinda. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini mdomo wangu unaujua. Nimeshawaringia nusu ya Kawangware.

Kuna zahanati hapa yenye kompyuta ndogo inayosoma picha za damu kutafuta malaria. Stima ikipotea inategemea betri, na betri ilikuwa inakufa kabla ya saa nane mchana. Wagonjwa waliobaki kwenye foleni wanaambiwa warudi kesho. Mimi, fundi wao wa kompyuta, nilipewa miezi miwili niifikishe betri hiyo hadi jioni, la sivyo kompyuta irudishwe ilikotoka.

Chipu yake ina viini vinne, yaani vibarua wanne ndani ya chumba kimoja. Mimi na ujuaji wangu nikaandika programu ya kuzima vitatu kila picha inapokwisha. Betri ikafa mapema kuliko zamani, kwa sababu kuviwasha upya kulikula umeme mwingi. Nikacheka peke yangu, maana kosa hilo nilishalifanya mbele yako.

Unakumbuka? Ulikuwa ukikaanga samaki kwa majiko manne pale Silanga. Siku moja ukaniachia kibanda ukaenda soko la Toi. Wateja walipopungua, nikayamwagia maji majiko matatu. Uliporudi, wateja wa mchana, mafundi wa mjengo, walikuwa wamejaa na makaa yanatoa moshi tu.

"Nani alikuambia umwage maji?"

"Nilikuwa na-save makaa, Mum."

"Jiko haizimwi, Atieno. Inafunikwa na jivu. Sasa kuwasha hii yote tena itakula makaa ngapi?"

Nilisugua sufuria wiki nzima.

Basi nikaifuta ile programu. Sasa kazi ikipungua, viini vinapunguziwa kasi na umeme, vinabaki na uhai kidogo tu. Picha ikija, vinaamka mara moja. Kinachozimwa kabisa ni kile kisichohitajika kwa muda mrefu. Na sikimbizi kimoja hadi kichemke. Vyote vinne vinagawana mzigo, polepole.

Wiki iliyopita stima ilipotea asubuhi. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita. Mzee wa maabara, ambaye kusifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, akaniuliza, "Wewe msichana, hii kitu bado iko?"

"Iko, mzee."

Saa kumi na moja akaingia mgonjwa wa mwisho, mama wa umri wako, anatetemeka kwa homa. Akapata majibu na dawa papo hapo.

Mama, wewe uliambiwa urudi kesho. Ulirudi, ukaambiwa tena, na kesho ya tatu hukuifikia. Nililia pale mlangoni, sikufichi, halafu nikatembea hadi nyumbani kwa maringo kama mwenye plot anayekuja kudai kodi.

Leo asubuhi nimemwona yule mama sokoni. Alikuwa akigombana na muuza nyanya kuhusu bei, kwa sauti ya mtu ambaye hana mpango wa kwenda popote.

Pumzika, Mama. Kazi iko kwenye mikono mizuri.

Kitindamimba wako