Ujumbe Umetumwa

Kalemie, Novemba 2017

Kaka yangu mpendwa Abedi,

Salaam nyingi zikufikie huko Kigoma, wewe na wifi na watoto. Natumaini mu wazima, na lile jino lililokuwa likikunyima usingizi umekwisha kuling'oa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba miguu bado inamvimba, lakini msikitini anafika kwa fimbo yake. Mama anaamka na kikohozi, kisha akiwasha moto na kuanza kugombeza watu anapona. Mimi mwilini sijambo. Rohoni, utasoma mwenyewe.

Barua hii anakuletea Moustapha, anayepanda boti kuja kuchukua sabuni na unga. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu siku hizi inashika ikipenda, na kwa sababu nikikueleza kwenye simu utanikata katikati uniambie, kama kawaida yako, kwamba ni rahisi tu.

Kaka, si rahisi. Nimechoka kuambiwa ni rahisi.

Unajua mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Shule yetu imefungwa tangu madarasa yalipojaa watu waliokimbia vita vya upande wa Niemba na Nyunzu. Wanalala kwenye madawati, na ubaoni wanaanika nguo za watoto. Uliponitumia vile visanduku vya antene, ulisema kwa kuwa nina nafasi na najua kusoma, niwe msimamizi wake. Nilikubali kwa moyo wote. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri: kila kisanduku kinampokeza mwenzake maneno mpaka yafike, bila mnara wa kampuni, bila kununua unite za simu. Kambi ya wakimbizi iko mbali kwenye barabara ya Nyunzu na simu huko zimekufa. Mama mjamzito akizidiwa, hospitali inajulishwa papo hapo na gari linatoka. Nani angekataa?

Tukaviweka: hospitalini, parokiani, kwetu msikitini, juu ya paa la shule, na cha mwisho kule kambini, kwenye chumba cha uzazi cha Mama Bertille. Huyu Mama Bertille ni mkunga wa miaka mingi, wa familia za wavuvi za hapa hapa ukingoni, mama mnene wa sauti ya chini ambaye hata akikukemea unahisi kama amekuombea. Kazi ya kupanda juu na kufunga nyaya tulimpa fundi Apollinaire, yule uliyesoma naye. Yeye naye akishuka kwenye ngazi akasema ni rahisi tu, akaenda zake.

Kisha nikabaki mimi na ile programu uliyoweka ndani.

Nataka nikuulize kwa heshima yote ya mdogo kwa mkubwa: uliiandika ukimfikiria nani? Mtu anafungua simu ajiunge na kisanduku, ukurasa wa kwanza unamtaka achague "mkondo wa mawimbi". Mama Bertille aliniuliza mkondo gani, wa ziwa? Ukurasa unaofuata unataka "anwani ya lango" na kuonyesha tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta. Ukikosea nukta moja, maandishi mekundu yanakuambia umekosea, bila kusema umekosea wapi. Nilikuandikia, ukanijibu kwa kunitumia maelekezo marefu kuliko hotuba ya Idi, ukasema kila kitu kimo humo. Ndiyo, kimo. Hata dawa imo porini. Lakini mkunga mwenye damu mikononi haendi kutafuta porini.

Nilikuandikia tena kuhusu ile taa ya kijani. Nilisema taa inawaka kijani hata kisanduku kikiwa peke yake, hakisikii mwenzake yeyote, na watu wanadhani mambo ni mazuri. Ulinijibu kwamba taa inaonyesha umeme, haionyeshi mtandao, na kwamba hilo linajulikana. Linajulikana na nani, Kaka? Hapa kwetu tulikuwa hatulijui.

Sasa nikueleze kilichotokea. Sikukueleza kwenye simu, na utaelewa kwa nini.

Mwezi uliopita mvua kubwa ilitoka ziwani ikaangusha miti na kukata umeme wa jua kule kambini. Umeme uliporudi, kisanduku cha Mama Bertille kiliwaka na kumwonyesha ukurasa ambao hajawahi kuuona. Uliandikwa: "Rejesha mipangilio ya awali", na chini yake, "Inapendekezwa". Mama Bertille akasoma vizuri. Yeye si mjinga, alisomea ukunga kwa masista. Akafikiri hivi: awali ni kabla ya mvua, wakati mambo yalipokuwa yakienda sawa, na mwenye kuijua mashine mwenyewe ndiye anayependekeza. Akabonyeza.

Wewe unajua alichobonyeza. Kisanduku kilirudi kilivyokuwa kabla hakijavuka ziwa. Kikasahau wenzake wote. Jina lile lile, ukurasa ule ule wa kuandikia ujumbe, taa ya kijani.

Asubuhi ya siku ya pili akaletewa mwanamke wa uchungu, mmoja wa waliotoka Niemba kwa miguu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na damu ilikuwa imeanza. Mama Bertille akaandika aletewe gari upesi, mama anavuja damu. Ukurasa ukamjibu: "Ujumbe umetumwa."

Basi akangoja. Alimwambia mwanamke atulie, gari liko njiani. Alimwambia mume wake asiende kutafuta pikipiki, kwa sababu barabara imeharibika na mgonjwa atatikiswa bure wakati gari linakuja. Jua likapanda. Akaandika tena, akaambiwa tena umetumwa. Hospitalini, dereva alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari lake akila ndagala za kukaanga, hana habari. Maneno yote ya Mama Bertille yalikuwa yamelala ndani ya kisanduku kilicho juu ya kichwa chake. Hayakuwa yametoka hata kwenye kile chumba.

Jua lilipopita utosini mume akasema hangoji tena. Akapata pikipiki, akaketi nyuma akimshika mke wake katikati, na Mama Bertille akafuata kwa nyingine. Walipofika, daktari alimpasua. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake tukakutana kwenye biro, ofisi ya kamati ya kambi. Apollinaire alikuwa amefungua kisanduku kwenye kompyuta yake, akatangaza kwamba mashine haina kosa lolote. Aliyekosa ni mtumiaji. Alilisema neno hilo, mtumiaji, mbele ya Mama Bertille, aliyekuwa bado amevaa kitambaa kile kile cha jana. Nikamwuliza "awali" maana yake nini. Akasema hali ya kiwandani, kila mtu anajua. Nikamwuliza neno kiwanda limeandikwa wapi. Akasema mimi ni mtu wa lugha, napenda kubishana. Nikamwuliza tena, na "umetumwa" umetumwa wapi? Akasema umetumwa kwenye kisanduku, kiufundi ni sahihi.

Mama Bertille hakujitetea. Alisema tu, "Mimi nilitaka kirudi vile kilikuwa mbele ya mvua. Hiyo njo ile nilisoma." Halafu akasema kama angeliambiwa kweli kwamba ujumbe haujafika, angeliita pikipiki saa ile ile, kwa sababu ndivyo alivyofanya miaka yote kabla hatujamletea msaada. Tangu siku hiyo kisanduku amekifunika kitenge na hakigusi. Wenye uchungu wote anawapeleka kwa pikipiki, hata wale wasiohitaji, na wengine wanafika wametikisika vibaya. Simlaumu. Lakini antene zako ziko juu ya paa zikikaliwa na kunguru, na vita havijaisha, na kila wiki wanafika wajawazito wengine.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii usinitumie maelekezo. Sitaki darasa la kuwafundisha wamama. Nataka ubadilishe mashine. Ujumbe ukiwa bado kwenye kisanduku, useme: "Bado uko hapa, haujaondoka." Ukifika, useme: "Umefika hospitali." Kisanduku kikiwa peke yake, taa iwe nyekundu na ukurasa useme wazi: "Siwasikii wenzangu, tafuta njia nyingine." Kile kitufe cha kusahau kila kitu kifiche mahali ambapo mtu hafiki kwa bahati mbaya, na kiandikwe kwamba kinasahau kila kitu. Mkondo wa mawimbi na anwani za malango, chagua wewe huko huko, usimwulize mkunga. Maneno haya sikuyatunga mezani. Nimekaa kambini na wamama, nikawasomea sentensi moja moja, nikawauliza wamesikia nini. Waliposikia kisichokuwemo, nikaandika upya. Mimi siwezi kuyaingiza ndani ya programu, ni wewe unayeweza. Na usiyaingize ukiwa Kigoma. Panda boti uje uketi karibu na Mama Bertille umtazame akitumia, mdomo wako umefungwa.

Sasa, Kaka, kuna jambo moja ambalo nimelipita makusudi.

Miaka sita iliyopita, mdogo wetu alipoolewa na Camille, mkulima Mkristo wa Niemba, Baba alifunga mlango, na wewe ukaandika kutoka huko kwamba jina lake lisitajwe tena katika barua yoyote itakayokufikia. Nimekutii miaka yote hiyo. Hata leo nimekutii mpaka hapa, nikimwita mwanamke wa uchungu. Nisingeliweza kukueleza habari za programu yako kama ningelianza na yeye; usingelisoma mengine.

Ni Leila. Alikuwa kambini zaidi ya mwezi, mwendo wa pikipiki kutoka kwetu, ameandikishwa kwa jina la mume wake, akiona haya kuja kubisha hodi. Nilikwenda hospitalini kuuliza habari za kisanduku, nikamkuta kitandani, amekonda, macho ni yale yale. Mama Bertille hakujua kama ni wetu. Camille ndiye aliyemshika njia nzima asianguke.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba. Alichukua fimbo akaenda hospitalini kwa miguu yake ile iliyovimba, akakataa pikipiki. Alipofika aliketi pembeni ya kitanda, akauliza mtoto yuko wapi. Camille alichimba kaburi, na Baba mwenyewe akamshusha mjukuu wake. Wakakung'uta udongo pamoja. Leila sasa yuko kwetu, chumba cha uani. Camille analala sebuleni, na Mama anamgombeza kwa kula bukari kidogo, kwa hiyo unajua amekubaliwa.

Nilimwambia Leila kwamba programu ni yako. Nilifikiri ana haki ya kujua. Akauliza kama bado unakula ukisoma, mpaka mchuzi unamwagika kwenye karatasi. Nikasema sijui, nadhani bado. Akasema, "Umuambie arekebishe. Nitazaa tena, Mungu akipenda."

Hilo ndilo aliloniagiza. Hakuongeza kitu, na mimi siongezi.

Nakomea hapa, Moustapha amekwisha kubeba mizigo yake na boti halimngoji mtu. Mbusu mtoto wako wa mwisho ambaye hatujamwona. Mpe wifi mkono wangu. Baba anakusalimu na kukuombea. Mama anakusalimu na anauliza jino. Mama Bertille anakusalimu, ingawa hakujui. Leila anakusalimu.

Mdogo wako,
Maimouna